Mpime Fundi wa Geti Kabla Hujampa Kazi

Geti la kusukuma lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.2, likifunikwa bati la milimita 1.5, hubeba zaidi ya kilo 100 za bati peke yake. Ongeza fremu, na uzito wote unakaribia kilo 200. Mzigo huo husimama juu ya magurudumu mawili kwenye reli nyembamba, na watoto hupita kando yake asubuhi na jioni. Kwa hiyo mazungumzo na fundi yasianze na bei wala nakshi. Muulize kwanza: geti hili likisukumwa kwa nguvu, nini kitalizuia lisianguke?

Geti la kusukuma huanguka hasa kwa sababu mbili. Hupitiliza mwisho wa reli kwa kuwa hakuna kizuizi, au roli za juu zinazolishika wima hulegea na kukatika. Fundi anayeijua kazi atakutajia mambo matatu bila kusukumwa: vizuizi vya chuma vilivyozamishwa kwenye zege, kimoja kila mwisho, seti mbili za roli za juu zilizoachana vya kutosha, na geti refu kuliko lango, ili hata likifungwa kabisa, mkia wake ubaki umeshikwa na seti zote mbili. Akikujibu kwamba hayo mtayaona mbele ya safari, mshukuru, tafuta mwingine.

Hatua ya pili ni kwenda kuona kazi yake ya zamani. Picha za kwenye simu huonyesha geti siku lilipopakwa rangi, na siku hiyo kila geti hupendeza. Omba akupeleke kwenye geti lililokaa miaka mitatu au zaidi. Wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar wana sababu zaidi ya kufanya hivyo, kwa kuwa upepo wa chumvi hauisamehe kazi ya kulipua.

Ukifika, inama utazame fremu ya chini. Kutu hupenda kuanzia hapo, maji yanapoingia ndani ya bomba yakakosa pa kutokea. Fundi makini hutoboa vitundu vya kutolea maji upande wa chini, na hupaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho. Kisha pitisha sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu, kwenye maungio. Inaposhika kwa ulegevu ujue kuna pati chini ya rangi, na pati nene mara nyingi huficha mshono uliochomelewa vibaya. Sukuma geti kwa mkono mmoja, liache katikati ya njia. Likianza kutembea lenyewe, reli haiko levo. Mwisho, muulize mwenye nyumba faraghani: "Mama, ukimpigia huyu fundi baada ya kumaliza kumlipa, anakuja?"

Geti la mota linataka ukali zaidi. Katikati ya mwaka 2010 watoto wawili nchini Uingereza, mmoja Bridgend na mwingine Manchester, walibanwa na mageti ya umeme wakafa, siku chache tu baina ya msiba mmoja na mwingine. Marekani, mota za milango ya gereji za majumbani zinazotengenezwa tangu 1993 hulazimika kuwa na kinga ya kuzuia mtu asibanwe. Iliyozoeleka ni jicho la mwanga karibu na sakafu, ambalo likikatizwa mlango unaojifunga hurudi. Dai kinga ya aina hiyo kwenye geti lako. Mwambie fundi aanze kulifunga geti, kisha, likiwa bado linatembea, aweke boksi mbele ya jicho hilo wewe ukiona. Akuonyeshe pia ufunguo wa kulifungua kwa mkono umeme ukikatika.

Ukishawaona mafundi watatu, wape alama kwenye karatasi. Usalama upewe 40, kazi za zamani 30, maelezo ya vifaa 20, malipo na dhamana 10. Kwenye vifaa, makadirio ya kweli hutaja unene wa bati na bomba kwa milimita au geji. "Bati nzito" si kipimo. Cheti cha VETA kwa Tanzania au cha majaribio ya ufundi cha NITA kwa Kenya kimwongezee alama, ingawa aliyefunzwa kazini kwenye karakana za mtaani za Gerezani au Kamukunji anaweza kumzidi mwenye cheti, na kazi yake ndiyo itakayosema. Aliyepata chini ya 30 kwenye usalama aondolewe hata kama jumla yake inaongoza na bei yake ni nusu ya wenzake.

Utakayemchagua, andikianeni: vipimo, vifaa, tarehe ya kumaliza, muda wa dhamana, na malipo kwa awamu. Vifaa vikinunuliwa, nenda naye dukani, risiti ibaki kwako. Bakiza awamu ya mwisho mpaka geti lifunguliwe na kufungwa mbele yako, na vizuizi vyote viwili vijaribiwe. Fundi mwenye uhakika na mkono wake hatalichukia sharti hilo, na fundi wa namna hiyo anastahili kulipwa vizuri.