Kitu Kilichofichwa Machoni pa Mtoto Mchanga

Mama wa Kisarawe aketipo jamvini na mwanawe wa miezi mitano, akamfichia chini ya kanga kijiko cha mti alichokuwa akikichezea, aghalabu humwona mtoto akigeuza uso bila ya kukitafuta. Nalo ndilo jambo lililomfanya Jean Piaget, mwanazuoni wa Uswisi aliyewachunguza wanawe watatu na kutoa kitabu mwaka 1937, ashikilie kwamba kwa mtoto wa umri huo kitu kisichoonekana hakipo.

Rai hiyo ilitawala miaka mingi, hata mwaka 1985 Renée Baillargeon na wenzake walipowaonyesha watoto wa miezi mitano ubao ulioinuka, ukalificha sanduku lililokuwa nyuma yake, kisha ukaendelea kulala kana kwamba sanduku halimo: watoto waliutazama kwa muda mrefu kuliko ubao uliosimama pale ulipopaswa kuzuilika. Macho, basi, yalikwisha jua lile ambalo mikono haijaweza kulitenda.

Lililo la ajabu zaidi hutokea mtoto afikapo miezi minane au tisa, akawa hodari wa kufunua. Kunja kanga mbili za doti moja, uziweke moja kuumeni kwake na moja kushotoni. Mfichie kijiko mara kadhaa kuumeni, naye atakipata. Kisha, hali akikutazama, kifiche kushotoni, umzuie kidogo kabla ya kumwachilia. Aghalabu mkono utakwenda kuumeni, pasipo na kitu, na pengine macho yake yamekwisha elekea kushotoni. Adele Diamond wa Marekani alionyesha kwamba mtoto wa miezi saba na nusu hukosea hata akizuiwa kwa sekunde zisizotimia 2, ilhali wa miezi kumi na miwili hakosei mpaka zipite 10. Sababu, kwa maelezo yake, ni sehemu ya mbele ya ubongo, ihifadhiyo habari na kuizuia desturi ya mkono, ambayo hukomaa taratibu.

Kwa hiyo hunisikitisha sana nisikiapo, Kibaha hata Kisarawe, mtoto akiitwa mzito wa akili kwa kosa kama hili, na hasa zama hizi ambapo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, imeuhesabu ujifunzaji wa awali miongoni mwa vipengele vya malezi.

Tena kosa lenyewe si la mtoto peke yake. Mwaka 2008 watafiti wa Hungaria walidhihirisha kwamba mtoto wa miezi kumi hukosea mara nyingi zaidi anapofichiwa na mtu amtazamaye usoni na kumsemesha, kuliko afichaye kimya akiwa amegeukia kando. Nao wanaona kwamba mtoto huyachukua maneno yale kuwa ni mafunzo, ya kwamba kuumeni ndiko kikaako kitu hiki, akashikamana nayo hata baada ya mwalimu mwenyewe kukihamisha.