Sauti Inavyotolewa Katika Wimbi la Redio

Mwanafunzi wa Bulyaga akidhani kwamba sauti yenyewe husafiri kutoka Dar es Salaam, tumpigie hesabu: kilomita zaidi ya 650, kwa mwendo wa meta 340 kila sekunde, zingeichukua zaidi ya nusu saa. Vipindi vya «Mtu ni Afya» vya mwaka 1973 vilibebwa na wimbi la redio, ambalo kimo chake hupanda na kushuka kwa kufuata sauti.

Katika masafa ya kati wimbi hilo hutikisika takribani mara milioni moja kwa sekunde, juu na chini sawasawa. Kipaza sauti hakiwezi kulifuata. Ndipo dayodi hupitisha upande mmoja tu, na kapasita hulainisha mapigo yaliyosalia hadi libaki umbo la sauti.

Ubaoni tuchore wimbi zima, kisha tufute nusu ya chini mbele ya wanafunzi. Kabla ya kufuta, wajumlishe juu na chini: watapata sifuri.