Je, Wajua? Siku Ndefu kwenye Barabara Kuu ya Alaska

Je, wajua kwamba Mmarekani anayetaka kwenda Alaska kwa gari, bila kupanda meli wala ndege, hana budi kupita nchi ya watu? Alaska ni jimbo la Marekani, lakini Kanada imekaa katikati. Njia maarufu kuliko zote ni Alaska Highway. Inaanzia Dawson Creek katika jimbo la British Columbia, inakata Yukon, na kuishia Delta Junction, Alaska: kilometa 2,200 hivi. Kila kiangazi hupitiwa na magari-nyumba mengi, yale yenye vitanda, jiko na choo humo humo ndani.

Je, wajua kwamba siku ya safari huko ni ndefu kwelikweli? Mwezi Juni, mjini Whitehorse, ulio njiani, jua hukaa angani zaidi ya saa 19, na hata likizama giza halikolei. Hatari iko hapo. Dereva anaona nje kweupe, anajiambia bado mapema, kumbe ni saa tano za usiku na mwili ulichoka zamani. Anayekwenda huko aifuate saa yake, asilifuate jua.

Kana kwamba hiyo haitoshi, ukitoka Yukon kuingia Alaska wakati wa kiangazi unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Siku hiyo ina saa 25.

Je, wajua kwamba vibao vya mwendo vya Kanada ni vya kilometa, ilhali vya Marekani ni vya maili? Mgeni akiona 90 akadhani ni maili, atakuwa anakimbia karibu kilometa 145 kwa saa. Mafuta nayo huuzwa kwa lita upande mmoja wa mpaka, na kwa galoni upande wa pili.

Je, wajua ni nani waliochonga barabara hii? Japani iliposhambulia Pearl Harbor Desemba 1941, Marekani iliogopa Alaska itakatiwa njia. Kazi ikaanza Machi 1942, na kabla mwaka haujaisha barabara ilikuwa imepenya msituni. Kazi hiyo ilifanywa na askari zaidi ya 10,000, na karibu theluthi yao walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi lililowatenga na wenzao weupe. Kikosi cha 95, cha askari weusi, kilinyang'anywa mitambo mikubwa, ikapelekwa kwa kikosi cha weupe, wao wakaachiwa zana za mkono. Kwa zana hizo walijenga daraja la mbao juu ya mto Sikanni Chief kwa siku tatu hivi. Oktoba 25, 1942, karibu na Beaver Creek, buldoza mbili zilizokuwa zikitoka pande tofauti zilikutana. Moja iliendeshwa na Refines Sims Jr., mweusi wa kikosi cha 97, na nyingine na Alfred Jalufka, mweupe wa kikosi cha 18. Wakapeana mikono. Kwa miaka mingi habari za askari hao weusi zilitajwa kwa nadra, na hilo linauma. Alaska iliitenga rasmi Oktoba 25 kuwa siku ya kuwakumbuka mwaka 2017 tu, miaka 75 baadaye.

Raia wa kawaida waliruhusiwa kuitumia barabara hiyo mwaka 1948. Mwaka huo huo Rais Truman alitia saini amri ya kukomesha ubaguzi jeshini.

Je, wajua kwa nini lami ya kati ya ziwa Kluane na mpaka wa Alaska ina mawimbi? Chini yake kuna udongo ulioganda kwa karne nyingi. Wajenzi wa 1942 waliparua mimea iliyoufunika, jua likaupiga, barafu ikayeyuka na mitambo ikazama kwenye tope. Ndipo wakajifunza kuuacha ufunikwe na kutandika magogo juu yake. Tatizo halijaisha hadi leo: lami nyeusi hunyonya joto, ardhi hutitia huku na kuvimba kule. Mwenye gari-nyumba refu asipopunguza mwendo, tumbo la nyuma hukwaruza lami na vyombo humwagika kabatini.

Je, wajua kwamba baisani, wanyama wakubwa wa jamii ya ng'ombe, hujilaza kando ya barabara karibu na mto Liard, na hawana haraka ya kumpisha mtu? Subiri, usipige honi.

Je, wajua kwamba katika mji wa Watson Lake, kwenye barabara hiyo hiyo, kuna msitu wa vibao? Mwaka 1942 askari Carl Lindley, akikumbuka kwao, alisimamisha kibao cha kuonyesha njia ya kwenda Danville, Illinois. Wapita njia wakaongeza vyao, na sasa vimepita 80,000.

Je, wajua kwamba kituo cha forodha cha Kanada hakiko mpakani penyewe? Kiko karibu na Beaver Creek, kilometa 30 hivi kabla ya kufika Alaska. Kile cha Marekani ndicho kilichopo mpakani. Na ukifika Delta Junction barabara imekwisha, lakini Fairbanks, wanakokwenda wasafiri wengi, bado iko kilometa 150 hivi mbele.