Alan Root: Matanga Tuliyoyapita

Ukitoka Longisa na kushika barabara ya Narok, utavuka Mto Amala pale Mulot. Huko mbele maji yake hukutana na ya Nyangores, ule unaopita Bomet mjini, na kuanzia hapo mto unaitwa Mara. Kwa hiyo mtalii anayepiga picha nyumbu wakijitosa mtoni mwezi wa Agosti anatazama mvua iliyonyesha Mau na kupitia kwetu. Alan Root, ambaye filamu yake The Year of the Wildebeest ilikuwa miongoni mwa zilizoutangaza uhamaji huo ulimwenguni, alifariki dunia Agosti 26, 2017, akiwa na miaka 80. Sidhani wengi wetu huku kwenye majani chai tulijua kwamba tumefiwa.

Alizaliwa London, akaletwa Kenya akiwa mtoto baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Shule haikumshika. Bado kijana, alijiunga na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani waliokuwa wakiandaa filamu kuhusu Serengeti. Michael alipokufa katika ajali ya ndege Januari 1959, Root alisaidia kuimaliza kazi hiyo, nayo ikapata tuzo ya Oscar.

Wasifu wa mtu kama huyu hausomwi kaburini bila watu kucheka. Mwaka 1968, akimchezea kifutu kule Meru, aliumwa na akapoteza kidole cha shahada. Mwaka 1974 kiboko alimtoboa mguu akipiga picha chini ya maji katika Chemchemi za Mzima, zile zile zinazowanywesha watu wa Mombasa. Chui alimng'ata makalio. Gorila naye akachukua zamu yake kwenye paja. Mwaka huo huo wa 1974 yeye na mkewe Joan walipita juu ya Kilimanjaro kwa baluni, na baadaye akaanzisha biashara ya kuwarusha watalii angani Mara. Mwenyewe aliyasimulia hayo kama michapo, na waombolezaji wakayarithi.

Mimi naona michapo hiyo imemdhulumu kidogo. Mtu anayecheza na nyoka hupatikana popote. Mtu wa kukaa miezi na miezi akichungulia kichuguu ni adimu. Mysterious Castles of Clay, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 1979, inamfuata mchwa hadi ndani ya ngome yake: malkia aliyefura akitaga bila kupumzika, vibarua wakiziba ufa kwa udongo na mate, na baada ya mvua kumbikumbi wakimiminika nje kama moshi. Mhanga anayeonekana akikibomoa kichuguu aliitwa Million, na akina Root ndio waliomlea. Katika filamu yao ya mbuyu, kamera imeingia hadi kwenye kiota cha hondohondo, ambamo jike hujifungia kwa udongo na kuacha upenyo mwembamba tu, dume akimlisha kutoka nje.

Nimesema “akina Root” kwa makusudi. Joan ndiye aliyepanga safari, akalea wanyama yatima, akaendesha ndege na kuzamia naye. Ndoa yao ilivunjika. Aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Naivasha Januari 2006, baada ya miaka ya kupambana na uvuvi haramu ziwani. Anayemlilia Alan bila kumtaja Joan amelia nusu.

Lipo pia la kulalamikia. Filamu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya sebule za Uingereza na Marekani, na binadamu wa Kiafrika ni nadra ndani yake, utadhani mbuga hazikuwa na wenyewe. Hata hivyo ningependa ile ya kichuguu ionyeshwe katika shule za Longisa. Najua watoto watakapopiga kelele: pale kumbikumbi wanapotoka kwa maelfu, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja na sufuria.