Mtoto wa mbwa akihara, asifungwe chakula

Katika vilima vya Ryansoro, mkoani Gitega, Burundi, mbwa hafugwi ili apakatwe. Kazi yake ni kulinda ua usiku, na mlo wake ni kilichobaki chunguni: ugali wa muhogo, viazi vitamu, mchuzi wa maharage. Mtoto wa mbwa naye huchukuliwa mapema, mara nyingi akiwa na mwezi mmoja tu, kwa hofu kwamba mwenye kuchelewa atakuta jirani keshawahi. Siku ya pili au ya tatu katika makao mapya anaanza kuhara. Hapo mwenye mbwa hufanya mambo mawili: anamkatia chakula ili tumbo lipumzike, kisha anamvunjia kipande cha kidonge cha watu kilichosalia ndani. Yote mawili yana madhara, na lile la kwanza limezoeleka mno kiasi kwamba hata madaktari wa mifugo walilishauri kwa miaka mingi.

Mbwa mzima anaweza kushinda na njaa asidhurike. Mtoto wa wiki sita au nane hana akiba hiyo. Ini lake ni dogo, mafuta hana. Akikosa chakula kwa saa kadhaa huku anahara, sukari ya damu inashuka, anatetemeka, analegea, pengine anashikwa na degedege. Isitoshe, ukuta wa utumbo hujilisha kwa sehemu kubwa kutokana na chakula kinachopita ndani yake. Kisipopita, chembe zake hunyauka na bakteria hupata upenyo wa kuingia kwenye damu.

Jambo hili lilipimwa hapa hapa Afrika. Mwaka 2003 watafiti wa Onderstepoort, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Pretoria, walichapisha matokeo yao kuhusu watoto wa mbwa waliougua parvo, ugonjwa wa kirusi wa kuhara damu. Kundi moja lilifungwa chakula mpaka kutapika kukome, kama desturi ilivyotaka. Kundi la pili lilipewa chakula cha majimaji kwa mrija wa puani mapema, wakati wagonjwa wenyewe bado wanatapika. Waliolishwa mapema ndio waliopata nafuu upesi na kuongezeka uzito.

Nyumbani mrija hauhitajiki. Mtoto anayehara lakini bado amechangamka apewe chakula chepesi, kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku: wali uliopikwa hadi ukalainika, au viazi vilivyopondwa, pamoja na yai la kuchemsha au nyama ya kuku isiyo na ngozi. Kitunguu kisiwemo, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa hata kikiwa kimepikwa. Maji safi yawe mbele yake muda wote. Yale maji ya chumvi na sukari ambayo akina mama huwatengenezea watoto wao wanaohara, yaani lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, yanamfaa pia, mradi ayalambe mwenyewe. Akinyweshwa kwa nguvu yataingia mapafuni. Kinyesi kikishashika, chakula cha kawaida kirudishwe taratibu kwa muda wa wiki moja hivi.

Wiki hiyo moja ina maana yake. Bakteria wa utumboni huzoea chakula fulani, na kikibadilishwa ghafla wanavurugika. Mtoto aliyezaliwa Muyinga, akazoea kunyonya na kulamba uji, akipakiwa kwenye gari na jioni hiyo hiyo akawekewa bakuli la maharage, atahara hata kama hana ugonjwa wowote. Maziwa ya ng'ombe nayo, ambayo wengi humpa kwa huruma, yana sukari ya maziwa nyingi kuliko ya mama yake, ilhali protini na mafuta ni pungufu hata nusu. Sukari hiyo asipoweza kuimeng'enya, huvuta maji ndani ya utumbo. Ndiyo maana ni vizuri zaidi abaki na mama yake hadi wiki ya nane, jirani akitaka kuwahi na awahi kuweka ahadi.

Je, ugali wenyewe ni kosa? Wako wanaosema mbwa ni mla nyama, basi wanga haumfai. Hawako sahihi. Mwaka 2013 kundi la Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, lilionyesha kwamba mbwa mwitu ana nakala mbili tu za jeni la kimeng'enya kinachovunja wanga, na mbwa wa nyumbani ana kati ya nne na thelathini. Maelfu ya miaka ya kula makombo ya wakulima yamembadilisha mbwa hadi ndani ya chembe zake. Wanga anaumudu, ukiwa umeiva.

Tatizo la ugali wa muhogo ni kile kisichokuwamo: protini yake ni kama hakuna, na mtoto anayekua anahitaji kiasi cha protini kinachokaribia robo ya chakula chake kikavu, pamoja na madini ya mifupa. Hapa Burundi jibu lipo sokoni, nalo ni ndagala wa Ziwa Tanganyika. Samaki huyu akikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa huliwa mzima na miiba yake, chokaa ya mifupa inapatikana humo humo. Aoshwe mchanga, achemshwe, atwangwe, achanganywe na ugali au viazi. Konzi moja inatosha kubadilisha mlo mzima. Maharage pia yanafaa yakiwa yameiva kabisa, kwa kiasi. Yasiyoiva yana sumu inayotapisha hata watu.

Visivyofaa ni vingi, ila vitatu ndivyo ninavyovihofia zaidi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Machicha ya urwarwa, pombe ya ndizi, yana kileo, na kiasi kidogo tu kinatosha kumlewesha kiumbe wa kilo mbili. Na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mtu huona yasipoliwa na watoto basi apewe mbwa, huweza kuwa na sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Sumu hiyo ndiyo iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na ini la mbwa ni jepesi kuathirika nayo.

Chakula kikiwa sawa na kuhara kukaendelea, mshukiwa wa kwanza ni minyoo. Ile mirefu ya mviringo humfikia akiwa bado tumboni mwa mama; ile ya safura hupitia kwenye maziwa, nayo hunyonya damu hadi fizi zikapauka. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na minyoo kabla hajaonja chochote cha duniani. Madaktari hushauri dawa ianze akiwa na wiki mbili, irudiwe kila wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi hadi nusu mwaka. Dawa hiyo iwe ya mbwa, kwa uzito wake; ya mbuzi au ng'ombe ikikadiriwa kwa macho inaweza kumuua. Mayai ya ile minyoo mirefu ya mviringo hukomaa udongoni, na mtoto wa binadamu akiyameza yanaweza kumdhuru hata jicho.

Parvo ni jambo lingine kabisa. Mtoto hutapika mfululizo, hugoma kula, kisha huhara damu yenye harufu isiyosahaulika. Kirusi hiki kilianza kujulikana mwaka 1978 na hukaa udongoni miezi mingi. Sabuni haikiui, ila jiki sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, juu ya sakafu iliyokwisha kuoshwa. Asiyetibiwa mara nyingi hufa. Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa hadi wiki ya kumi na sita. Damu kwenye kinyesi, kutapika kusikokoma, fizi nyeupe, au ngozi ya shingo ikivutwa inachelewa kurudi: yoyote kati ya hizi ni safari ya kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye hapaswi kuguswa mdomo kabisa. Mbwa anayechuruzika mate na kushindwa kumeza huonekana kama amekwamwa na mfupa, na mtu mwema huingiza kidole kuutafuta. Hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa, hata kwa mbwa mdogo. Aliyeumwa au kulambwa penye mchubuko aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kulala.