Panya Hashindwi na Nyumba Moja

Mji wa Gisenyi, ulioko ukingoni mwa Ziwa Kivu katika Wilaya ya Rubavu, ni mji wa biashara. Maharage, mahindi, viazi na unga hupita hapa kwa wingi, na mengi ya mazao hayo huvuka mpaka kwenda Goma. Penye gunia la nafaka, panya hangoji kukaribishwa.

Kuna sababu nyingine pia. Kuta na nyua nyingi za hapa zimejengwa kwa mawe ya volkano, na nafasi zilizo kati ya mawe yasiyojazwa saruji ni makao tayari ya panya. Tena, Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko ya ardhi iliyofuata ilipasua kuta za nyumba nyingi wilayani Rubavu. Ufa usiozibwa ni mlango. Panya mdogo hupenya katika tundu lenye upana wa kalamu ya risasi tu.

Adui huyu huongezeka upesi. Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba kwa muda wa wiki 3 hivi, huzaa watoto 5 au zaidi kwa mara moja, nao watoto hao huanza kuzaa kabla hawajatimiza miezi 3. Kwa hiyo mwenye kuua wawili leo na kuacha unga wazi kesho, anajisumbua bure.

Wengi wetu hukimbilia sumu. Hatuna budi kuonya kwamba sumu haichagui: mtoto atambaaye huiokota, na paka alaye panya aliyekwisha kuila huweza kufa pia. Sumu isiyo na maandishi, inayouzwa katika vifuko vidogo sokoni, isiingizwe nyumbani kamwe.

Yafaa kuanza na chakula. Nafaka iwekwe katika pipa la bati lenye kifuniko, na magunia yapangwe juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, ili ufagio upite nyuma yake. Vyombo vioshwe kabla ya kulala. Kisha matundu yazibwe kwa saruji, na penye bomba yajazwe kwanza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kwa maana panya hapendi kuzitafuna. Mitego itegwe kandokando ya ukuta, kwa sababu ndiyo njia ya panya; hapendi kupita katikati ya chumba.

Afya nayo tuiangalie. Mkojo wa panya huweza kuleta homa kali. Mavi yake yasifagiliwe makavu. Yaloweshwe kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini. Tauni, iliyozuka wilayani Lushoto, Tanzania, mwaka 1980, na ambayo imewaua watu huko Ituri nchini Kongo, huenezwa na viroboto wa panya. Panya akifa, viroboto humhama na kutafuta damu nyingine, hata ya binadamu. Basi mzoga usishikwe kwa mkono mtupu, na uzikwe mbali na nyumba.

Hata hivyo, yote haya yakifanywa na nyumba moja tu, panya watahamia kwa jirani, na baada ya siku chache watarudi. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Nasi tukiwa wengi bila umoja, hatutaziba hata moja. Wanyarwanda tunayo nafasi ambayo wengine hawana: umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Mtaa mzima ukifyeka majani, ukizoa taka na kuziba nyufa asubuhi moja, na katika mkutano unaofuata kila kaya ikakubali kufunika chakula chake usiku huohuo, panya hatapata pa kuhamia. Hiyo ndiyo kazi inayotungoja Jumamosi ijayo ya umuganda.