Kwa Nini Klorokwini Iliwasha: Vipokezi vya Seli na Safari ya Dawa Mpya za Muwasho

Wananchi waliotibiwa malaria kabla ya mwaka 2001, wakati klorokwini ilipokuwa dawa ya kwanza ya kutibu ugonjwa huo Tanzania Bara, wanaukumbuka muwasho wake. Ulianza saa kadhaa baada ya kumeza vidonge, ukashika viganja, nyayo na ngozi ya kichwa, mara nyingi bila kuacha kipele chochote, na ukamkosesha mgonjwa usingizi. Wapo waliokatisha dozi kwa sababu hiyo. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi cha kufanyiwa utafiti jijini Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1991, kuhusu namna muwasho huo ulivyoathiri matumizi ya klorokwini katika udhibiti wa malaria.

Klorokwini iliondolewa baadaye kwa sababu nyingine, yaani usugu wa vimelea, na leo malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto. Hata hivyo, swali la kwa nini dawa hiyo iliwasha lilibaki bila jibu la kuridhisha kwa miaka mingi. Wengi waliamini kuwa ni mzio, na wagonjwa wakapewa vidonge vya mzio ambavyo havikuwasaidia sana.

Ili kuelewa kwa nini havikusaidia, ni vyema kuanzia kwenye seli. Juu ya utando wa kila seli kuna protini ziitwazo vipokezi, ambazo hupokea ujumbe kutoka nje na kuufikisha ndani. Kila kipokezi huitikia kemikali za aina fulani, kama kufuli linavyoitikia ufunguo wake. Dawa nyingi hufanya kazi kwa kukiamsha kipokezi au kwa kukiziba ili ujumbe usipite. Takribani theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa nchini Marekani hulenga familia moja tu ya vipokezi, ile inayoshirikiana na protini za kundi G, na uchunguzi wa familia hiyo ndio uliowapatia Robert Lefkowitz na Brian Kobilka Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012.

Katika mzio wa kawaida, seli za kinga zilizo kwenye ngozi, ziitwazo seli za masti, humwaga kemikali iitwayo histamini. Histamini hushika kipokezi kiitwacho H1, mishipa ya damu hutanuka, ngozi huvimba na kuwa nyekundu, na mishipa ya fahamu hupeleka hisia ya kuwashwa kwenye ubongo. Piriton na setirizini huziba kipokezi hicho. Kusinzia kunakowapata wanaotumia Piriton hutokana na sababu hiyo hiyo, kwa kuwa dawa hiyo huingia hadi kwenye ubongo na kuziba vipokezi vya H1 vilivyoko huko, ambavyo kazi yake mojawapo ni kumweka mtu macho.

Klorokwini haipiti njia hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionesha kuwa dawa hiyo hugusa moja kwa moja kipokezi kilichoko kwenye mishipa ya fahamu ya muwasho, ambacho kwa binadamu huitwa MRGPRX1. Panya walioondolewa kundi la jeni za vipokezi hivyo hawakujikuna kama wenzao walipodungwa klorokwini, ilhali walipodungwa histamini walijikuna kama kawaida. Kwa lugha nyepesi, wagonjwa walikuwa wakipewa dawa ya kufunga mlango ambao muwasho haukupitia. Malalamiko yao hayakuwa ya kufikirika, wala si lazima yawe yalitokana na mzio.

Ndugu wa kipokezi hicho, MRGPRX2, hupatikana kwenye seli za masti. Mwaka 2015 ilibainika kuwa baadhi ya dawa, zikiwemo antibiotiki ya siprofloksasini na dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji, zinaweza kukiamsha kipokezi hicho na kusababisha histamini kumwagika hata kama mwili haujawahi kukutana na dawa hiyo. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupata wekundu na muwasho katika dozi ya kwanza kabisa. Mwaka 2021 umbo la kipokezi hicho lilichapishwa katika jarida la Nature, pamoja na la MRGPRX4, ambacho huhusishwa na muwasho wa wagonjwa wa ini. Umbo likijulikana, wanakemia wanaweza kubuni kizibo kinacholingana nalo. Vizibo hivyo bado viko katika hatua ya utafiti.

Kwa vipokezi vingine, tiba imekwishafika kwa wagonjwa. Dupilumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa pumu ya ngozi, huziba kipokezi kinachochochea uvimbe na muwasho. Difelikefalin, iliyoidhinishwa mwaka 2021, hufanya kinyume: huamsha kipokezi kinachotuliza muwasho kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu. Kikwazo ni bei, hasa kwa dupilumab, ambayo hudungwa mara kwa mara kwa muda mrefu.

Kwa mwananchi anayewashwa baada ya kutumia dawa, inashauriwa asikatishe dozi kimyakimya bali arejee kituoni. Akivimba midomo au ulimi, akipata shida ya kupumua, au ngozi ikianza kubabuka, hiyo ni dharura na anapaswa kufikishwa hospitali mara moja. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) hupokea taarifa za madhara ya dawa kutoka kwa watumishi wa afya na kwa wananchi wenyewe. Taarifa hufaa zaidi ikitaja jina la dawa, namba ya toleo iliyoandikwa kwenye pakiti, dawa nyingine zilizotumika siku hizo, na muda uliopita tangu dozi imezwe hadi muwasho ulipoanza.